Raba za bamba la kaboni, pea ya mtumba: nyota tatu na nusu

Nianze na bei, maana ndiyo mnayouliza kwanza. Pea hii ni ya mtumba, nimeinunua hapa Arusha kwa shilingi 180,000 baada ya kuvutana kweli kweli; muuzaji alianzia laki tatu. Pea mpya ya daraja hili ng'ambo inakwenda kama dola 250, zaidi ya laki sita, na hapo hujahesabu usafiri wala ushuru. Jina la kampuni silitaji kwa makusudi. Siku hizi kila kampuni kubwa ya raba ina ya kwake na zote zimejengwa kwa kanuni moja: sponji nene lakini jepesi ajabu, na ndani ya sponji kuna bamba gumu la kaboni lililopindishwa kuelekea vidoleni. Nitakayoyasema yanazihusu karibu zote.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari. Alfajiri nina kikundi cha vijana wa mbio ndefu upande wa Ngaramtoni, na mwenyewe bado nakimbia, kundi la wazee. Kwa hiyo raba hizi zimepita kwenye miguu yangu na kwenye miguu ya watu wenye kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo hata ujanani.

Kwanza mambo ya kununua. Zamani ungezikuta zimechanganywa na raba za kawaida, muuzaji hajui alichoshika, unaondoka nazo kwa elfu thelathini huku moyo unadunda. Siku hizo zimekwisha. Sasa muuzaji ndiye anayekukunjia kiatu usoni: "Unaona mwalimu? Haikunjiki hii. Kaboni hiyo." Na ni kweli, hicho ndicho kipimo cha kwanza. Shika kisigino na ncha, jaribu kukunja. Ikikunjika katikati kama ndala, hiyo ni feki au ni raba ya mazoezi iliyovalishwa sura ya mbio. Kipimo cha pili ni ubavuni: tazama sponji. Mikunjo midogo mingi iliyolala ina maana mwenyewe wa Ulaya au Marekani ameshakula utamu wote, wewe umeletewa ganda. Cha tatu, geuza soli uangalie sehemu ya mbele upande wa nje. Mpira ukiwa umelika mpaka sponji linaonekana, achana nayo. Na tafadhali hakikisha kushoto na kulia ni namba moja. Mtumba haukosi vituko.

Kuna jambo la nne ambalo wauzaji hawalijui kabisa. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinataka soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40 na iwe na bamba moja tu. Zipo raba zinazouzwa kihalali madukani zenye soli nene kuliko hapo, zimetengenezwa kwa mazoezi au kwa watu wasioshindania chochote. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka utepe wa kwanza Vienna Marathon, akavuliwa ushindi siku hiyo hiyo kwa sababu soli ya raba alizovaa ilikuwa na milimita 50. Kwa hiyo ukiona pea ina sponji limenona kupita kiasi, ivae kwa kujifurahisha. Usimpe kijana anayekwenda kutafuta muda wa kufuzu.

Haya, kukimbia nazo. Ukizivaa na kusimama utadhani zina kasoro. Kisigino kinayumba, kifundo cha mguu kinatafuta mahali pa kutulia hakipati. Usizihukumu hapo, wala usizijaribu kwa kutembea, raba hizi kutembea hazijui. Hata kwenye mwendo wa kupiga soga hutaona jambo. Kaza sasa, fika kasi ya dakika nne kwa kilomita, shuka chini ya hapo. Ndipo unapohisi mguu unatua na kuondoka kabla hujauagiza. Kwenye lami ya barabara ya Kisongo, mapema, malori hayajaamka, nilijikuta nakimbia kasi niliyoiaga miaka mingi nyuma huku pumzi zimetulia. Nikacheka peke yangu.

Lakini kwangu la ajabu zaidi lilikuwa kesho yake. Baada ya mbio ndefu za Jumamosi nilizoea Jumapili kushuka ngazi za kanisani kinyumenyume. Kwa raba hizi mapaja hayaumi vile. Vijana wote wanasema hivyo hivyo, na nadhani hapo ndipo faida kubwa ilipo kuliko ile ya siku ya mbio: ukimaliza Jumamosi bila kuumia, Jumanne unafanya mazoezi ya kasi ukiwa mzima kabisa. Kwa mkimbiaji mwenye pea tatu nne za kuzungusha, hiyo ni miezi ya mazoezi ya ziada kwa mwaka. Kwa mwenye pea moja inayotunzwa kwa ajili ya mbio, faida hiyo haipo.

Nje ya lami, sifa zinapungua haraka. Barabara zetu za ndani ni udongo mwekundu na mawe. Vijiwe vinakwama kwenye mfereji wa soli na kutafuna sponji. Kona kali zinatishia kifundo. Mvua ikinyesha, soli inateleza kwenye tope kana kwamba haina mpira. Mpandoni zinasaidia kidogo tu. Kijana wangu mmoja alizivaa nusu marathoni ya Moshi, na kwenye ule mpando wa kwenda Mweka alisema hakuona tofauti yoyote na raba zake za kila siku. Kwenye kushuka ndiyo zilimlipa.

Na hazimpendi kila mtu. Hili kampuni hawalisemi kwenye matangazo. Utafiti wa kwanza uliozipa raba hizi jina, wa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2017, uliwapima wakimbiaji 18 na kukuta nishati inayotumika inapungua kwa wastani wa asilimia 4. Namba hiyo ikawa tangazo, hata ikaandikwa kwenye jina la kiatu. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti mwingine uliowapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia, watu wa nusu marathoni ya dakika 59 na nusu. Ukilinganisha na raba bapa za zamani, kuna aliyenufaika kwa zaidi ya asilimia 11, na kuna aliyepata hasara ya kiasi kile kile. Saba tu, wote moto, na tofauti kubwa namna hiyo! Nimeliona hilo kikundini. Binti mmoja kutoka Mbulu akizivaa anabadilika kuwa mtu mwingine. Mwenzake, mvulana anayekimbia kwa vidole, alizirudisha siku ile ile: "Mwalimu, zinanishika."

Sasa nije kwenye maneno ya kila tunapokaa mbele ya runinga kuangalia mashindano ya dunia: eti raba hizi ndizo zilizosawazisha mataifa, ndizo zilizowavua Wakenya na Waethiopia ufalme wa mbio ndefu. Mashindano ya Tokyo ya Septemba 2025 yaliwapa watu wa nadharia hiyo chakula kingi. Tazama wanaume. Mita 1500 kachukua Isaac Nader wa Ureno. Mita 5000, Cole Hocker wa Marekani. Mita 10,000, Jimmy Gressier wa Ufaransa. Mita 3000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Kenya ilizishinda kila Olimpiki iliyohudhuria kuanzia 1968 mpaka 2016, safari hii zimekwenda kwa Geordie Beamish wa New Zealand, akimpita Soufiane El Bakkali wa Morocco mwishoni kabisa. Marathoni, Alphonce Simbu wetu. Kenya kwa wanaume ikabaki na mita 800 za Emmanuel Wanyonyi, na Ethiopia ikarudi nyumbani bila dhahabu hata moja, wanaume kwa wanawake. Mataifa 53 yaligusa medali, hayajawahi kuwa mengi hivyo.

Ukisimama hapo utasema ni raba. Lakini hebu fungua upande wa wanawake. Mita 800, Lilian Odira. Mita 1500, Faith Kipyegon. Mita 5000 na 10,000, Beatrice Chebet. Kuruka viunzi na maji, Faith Cherotich. Marathoni, Peres Jepchirchir. Zote sita Kenya. Kampuni zile zile, sponji lile lile, kaboni ile ile, mashindano yale yale, na upande mmoja bendera zimetawanyika wakati upande wa pili bendera ni moja kuanzia mizunguko miwili ya uwanja mpaka kilomita 42. Kama raba ndiyo msawazishaji, basi inabagua jinsia. Tena uwanjani hata hazivaliwi hizi nene. Tangu Novemba 2024 spaiki, yaani viatu vya misumari, za mbio zote za uwanjani zimewekewa kikomo cha milimita 20.

Mimi naona kuna sababu nyingine mbili zinazofanya kazi kimya kimya. Moja ni kanuni ya watu watatu kwa nchi, ukiacha nafasi ya ziada ya bingwa mtetezi. Kenya ingeweza kuleta kumi na tano kwenye marathoni na wote wakawa na haki ya kuota medali, ila inaleta watatu, na siku ya joto watatu wakiharibikiwa hakuna wa nne. Nyingine ni watu kuhama. Wa pili nyuma ya Simbu alikuwa Amanal Petros wa Ujerumani, aliyezaliwa Eritrea. Wa tatu, Iliass Aouani wa Italia, mzaliwa wa Morocco. Aliyemfuata Hocker kwenye mita 5000 ni Isaac Kimeli wa Ubelgiji, mzaliwa wa Kenya. Siwalaumu hata kidogo, Petros alifika Ujerumani akiwa mkimbizi. Nasema tu kwamba anayehesabu bendera na anayehesabu mahali watu walikozaliwa watapata jedwali mbili tofauti. Na Wazungu nao siku hizi wanapanda Iten, mji wa milimani Kenya, kupiga kambi kwenye hewa ile ile nyembamba.

Mahali ambapo raba zimegusa usawa wa mataifa kweli ni kwingine, na huko runinga haifiki. Ni mlangoni.

Angalia muda wa kufuzu marathoni ya wanaume. Olimpiki ya Rio 2016: saa 2:19:00. Olimpiki iliyofanyika Tokyo 2021: 2:11:30. Paris 2024: 2:08:10. Mashindano ya dunia ya Tokyo 2025: 2:06:30. Chini ya miaka kumi, mlango umepanda dakika kumi na mbili na nusu. Sio raba peke yake, na niwe mkweli hapo: World Athletics walibadilisha mfumo, sasa nusu ya nafasi zinapangwa kupitia pointi za viwango vya dunia, kwa hiyo muda wa moja kwa moja uliwekwa mgumu makusudi. Lakini usingeweza kuuweka mgumu namna hiyo kama watu hawangekuwa wanakimbia hizo 2:06 kwa wingi, na wanazikimbia kwa wingi tangu raba hizi zije. Mtu aliyekuwa wa 2:09 kwa raba bapa akivaa hizi, zikimkubali, anaweza kuwa wa 2:06. Yule aliyebaki na raba bapa bado ni 2:09, mwili ule ule, mapafu yale yale, ila sasa haingii popote. Meneja hampigii simu. Mbio za Ulaya hazimlipii tiketi. Bila mbio hizo hapati pointi, na bila pointi ule mlango wa pili nao umefungwa.

Simbu anatuonyesha pande zote mbili. Rio 2016 alimaliza wa tano, saa 2:11:15. Watatu waliopata medali siku ile, Eliud Kipchoge, Feyisa Lilesa na Galen Rupp, ilikuja kujulikana baadaye kwamba walivaa raba za majaribio za Nike zenye bamba, zilizokuwa bado hazijaingia dukani. Sisemi Simbu angepata medali. Kati yake na Rupp kulikuwa na dakika moja na zaidi, na dakika ni kitu kirefu. Nasema kuwa hawakuwa kwenye mstari mmoja wa kuanzia, na hakukuwa na kanuni iliyokataza. Kanuni ikaja Januari 2020: kiatu lazima kiwe kimeuzwa madukani kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Kisha Septemba 2025, huko Tokyo, Simbu na Petros wanaingia uwanjani bega kwa bega, wote saa 2:09:48, picha inaonyesha sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania. Kwetu ilikuwa usiku wa manane na jirani alinigongea ukuta kwa kelele nilizopiga. Hapo kanuni ilifanya kazi yake, kwa waliofika.

(Wazee wenzangu watanikumbusha Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, fedha mbili za Moscow 1980, medali pekee tulizowahi kupata Olimpiki. Sawa. Wakenya walikuwa wamesusia mwaka ule. Usawa wa mataifa una njia nyingi za kuja.)

Kwenye kanuni hiyo hiyo ya kuuzwa madukani kuna tundu ambalo nalipitia kila wiki. "Inapatikana dukani" maana yake duka gani? Tigst Assefa alipokimbia 2:11:53 Berlin mwaka 2023 alivaa Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, gramu 138, dola 500, imetengenezwa kwa ajili ya marathoni moja na mazoezi kidogo ya kuizoea. Ilipatikana dukani, ndiyo, pea 521 kwa kuanzia, dunia nzima. Kiatu cha zaidi ya milioni moja cha kuvaa mara moja! World Athletics wana mpango wa kuwapatia raba wakimbiaji wa juu wasio na mkataba, na ni jambo jema, ila soma tena: wakimbiaji wa juu. Kijana wangu ili awe wa juu anahitaji kwanza muda, na ili apate muda anahitaji raba.

Ndiyo maana kikundi chetu kina pea moja ya pamoja, hii ninayoiandikia hapa. Namba 42. Inatoka siku za mbio za kutafuta muda tu, inarudi, inapanguswa, inapigwa unga wa fangasi, inakaa chumbani kwangu juu ya kabati. Kilomita zake zinaandikwa kwenye daftari. Nikihisi sponji limelala tutaishusha kuwa ya mazoezi ya kasi, ingawa mwisho wa raba hizi ni wa ghafla; wiki moja ziko hai, wiki inayofuata ni kama unakimbia juu ya ubao.

Hukumu yangu, basi. Kwa mtu wa kujifurahisha anayekimbia kilomita kumi kwa saa nzima, okoa hela yako, nunua raba ya kawaida imara na kilo kadhaa za nyama. Kwa mzee kama mimi anayetaka kushuka ngazi vizuri Jumapili, zinafaa ukizipata kwa bei ya mtumba na una lami karibu. Kwa kijana wa 1:05 kwenye nusu marathoni anayetafuta 1:03, nunua, hata kwa kuchanga, lakini mpime kwanza kwa kumkimbiza na kumrudisha kwenye raba zake za zamani, siku tofauti, njia moja, saa mkononi. Asiponufaika, usimlazimishe kwa sababu eti bingwa fulani anazo. Kifundo kikiwa na historia ya kuteguka, kaa mbali nazo.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Moja nimeikata kwa udongo mwekundu, nusu kwa kufa ghafla.

Na kwa wenye ndugu ng'ambo wanaotuma mizigo: tunatafuta namba 44 na 39, hata zilizotumika, soli isiyozidi milimita 40. Mvulana wangu mwenye kasi kuliko wote ana mguu wa 44, na nimeshamwona akijaribu kuusukuma kwenye 42.